Theluji ya Maganda ya Mahindi

Mwaka 2018 mradi mmoja wa Lilongwe uliwataka wakimbizi wa kambi ya Dzaleka wabuni kifaa cha kufungwa chini ya droni, cha kutafutia watu waliofukiwa na theluji. Theluji! Dzaleka, ambako kitu cheupe pekee ni unga wa nsima, ugali wa huko, tena si kila siku.

"Batu banapanda mulima ya baridi kwa raha yabo," Eugénie alisema huku akichomelea waya, "kisha sisi njo tubatafute."

Hata hivyo alitengeneza. Alikuwa fundi wa redio, ufundi aliofundishwa na baba yake Bukavu kabla vita havijamleta Malawi. Huko Bukavu, msimu mmoja wa mvua, mlima uliporomoka ukamfunika mdogo wake Noël. Walichimba kutwa nzima, upande ambao hakuwako. Kwa hiyo Eugénie hakujali kama ni theluji au tope. Alitaka kujua jambo moja tu: je, kipokezi chake cha mawimbi kingeonyesha mahali mtu alipolala?

Siku ya maonyesho alikuja Jérôme, mratibu wa mradi. Alikuwa Mkongomani mwenzao, ila tangu ahamie Area 49, mtaa wa wenye nazo Lilongwe, alitembea kambini kama mtu anayekwepa mavi ya kuku. Aliamuru mashuka meupe ya kanisa yatandazwe juu ya rundo la maganda ya mahindi, kubwa kama nyumba, nyuma ya mashine ya kusaga. Theluji ikawa tayari. Wageni wakatabasamu mbele yake. Kipokezi kikafungwa, droni ikapaa kimo cha mlango, ikapigwa picha, ikashuka.

"Na kujaribu?" Eugénie akauliza.

"Mama, picha inatosha. Bafadhili banapenda picha." Jérôme akanyoosha koti. "Unishikie funguo za gari, zinavimbisha mufuko. Tunapiga ya mwisho."

Jérôme alipokuwa akitafuta upande mzuri wa uso wake, Eugénie alizifunga funguo pamoja na kidude cha kutoa mawimbi, kile ambacho wapanda milima ya theluji huvaa ili wakifukiwa watafutwe. Akazunguka rundo, akavisukumia ndani, mkono ukazama mpaka begani.

"Funguo ziko wapi?"

"Mu theluji, Bwana Coordinateur. Rusha droni."

Watu wakaangua kicheko. Jérôme alitukana kwa Kifaransa chote alichokuwa nacho. Hakuna aliyejitolea kufukua, basi akamwita rubani wa droni. Droni ikapita, ikarudi, kipokezi kikalia. Jérôme akapiga magoti na suti yake, akachimba. Hakukuwa na kitu. Funguo zilipatikana baadaye, urefu wa kitanda kando ya hapo.

"Unaona? Kidude yako ni bure kabisa!"

"Njo maana ya kujaribu. Muntu angekufa, na we ungekuwa na picha nzuri."

Jérôme akaenda kukaa garini. Eugénie akafungua kipokezi, akakining'iniza chini ya droni kwa kamba ndefu, mbali na mota zilizokuwa zikikivuruga, kisha akamgeuza rubani asione, akazika kidude mahali pengine.

"Zikomo, rusha tena," akamshukuru kwa Kichewa.

Honi ya gari la Jérôme ikalia, ikalia tena. Kamera zilikuwa zimekwisha kufungashwa. Droni ikazunguka taratibu, kipokezi kikaita, na Eugénie akaingiza mkono chini yake. Vidole vikagota kwenye kidude.