Mkono Uliofura

Nilikuwa nimepeleka suruali ipindwe kwa fundi wa nguo, mwanamke mpole wa mtaa wa Shauri Moyo, mama mmoja alipoleta gauni la kanisani akitaka mkono wa kushoto upanuliwe.

"Na wa kulia?" fundi akauliza.

"Huo uache. Nilikatwa titi kwa ajili ya saratani, halafu mkono huu ukafura. Unauma kila siku."

Fundi akaweka mkasi chini. "Dada yangu yuko hivyo, mama. Hatoki nyumbani. Anasema amerogwa."

Yule mama akavuta kiti. Alisema mpwa wake, karani mjini, alimtolea kwenye intaneti maandishi ya wanawake waliougua vivyo hivyo. Hapo alijifunza kuupapasa mkono taratibu kuelekea begani, kuunyoosha asubuhi, na kuukinga usikatwe wala kuungua.

"Na umepona?"

"Sijapona. Lakini nalala, na wajukuu nawasuka mwenyewe."

Fundi akafunga kibanda, wakaenda pamoja kwa dada yake. Suruali yangu ilibaki bila pindo.

Siku hizi huyo dada hukaa mlangoni akisalimia wapita njia. Wanasema intaneti ni ya watu wa maofisini. Kwake ilikuja kwa miguu, ikabisha hodi.