Chini ya Kitanda cha Mama

Leo nimevuta gunia uvunguni, na ile harufu ya mafuta taa ikanirudisha chini ya kitanda cha mama. Nilikuwa mdogo, tulikuwa tunapanga vitu kwa nyumba pole pole, mimi nimeingia huko ndani natoa vitu, kwa vumbi ya kutosha kupanda viazi. Mara, "Hodi!" Wamama wa kanisa! Mama akasukuma vitu zote uvunguni, stovu, masufuria, viatu, nikabaki na nafasi ya kupumua na pua moja. Wageni wakakalia kitanda, springi zikanigusa mgongo.

"Na kasichana kako?"

"Nimekatuma duka, dada."

Sasa nitatokaje? Na nilikuwa na mkojo wa kujaza tangi ya ploti nzima.

"Basi tukangoje," mgeni akasema, "tukaombee."

Mama akajibu, "Amina."