Firigisi ya Mzee Mkwanda

Siku yangu ya kwanza kazini Nachingwea, miaka ile ya mashamba makubwa ya karanga, Sista Mkuu alinikabidhi baiskeli na ubao wenye matundu na vijiti vyake. Nilikuwa dresa, yaani mfunga vidonda, kijana wa Masasi, nikadhani nimepandishwa cheo.

"Mfupa tunaunga sisi," akasema. "Vidole havirudi mpaka vifanye kazi. Hiyo ndiyo tiba ya kazi, nawe utaipeleka nyumbani kwa mgonjwa. Una miezi mitatu."

Mgonjwa mwenyewe alikaa Lionja. Mzee Issa Mkwanda aliangukiwa na mti akifyeka shamba. Mfupa ulishaunga, lakini vidole vya mkono wa kulia viligoma kukunjika. Kula kwa kushoto aliona aibu, kwa hiyo hakula tena barazani na wenzake. Mkewe, Bi Somoe, alimlisha ndani, mlango umefungwa.

"Dokta," aliniambia, "sikuombi nguvu za kulima. Nataka kutia mkono sahanini na wenzangu."

Nikatoa ubao. Akahamisha vijiti vitatu, akauliza vikishafika upande wa pili inakuwaje. Nikamwambia unavirudisha. Alinitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa.

Kisha wakanichinjia kuku. Nilienda kila Alhamisi, na kila Alhamisi mwanawe alichinja, Bi Somoe akapika, nami nikapewa firigisi, heshima ya mgeni. Nikimwomba mzee amenye walau muhogo, Bi Somoe alimnyang'anya kisu: mgonjwa kazi yake kuugua. Mwezi ukaisha, vidole vile vile, na suruali yangu haifungi.

Sista Mkuu alinitazama tumbo. "Naona kuna mtu anapata nafuu," akasema.

Alhamisi iliyofuata nikakuta wanawe wote wamekwenda gulioni na ufuta. Kuku keshakamatwa. Bi Somoe kwa desturi yao hachinji. Mimi Mkristo, nikichinja hawali. Na kumpa mgeni muhogo mtupu, hilo nyumba ile haikulijua. Tukamwangalia mzee.

"Kisu nishike na nini?"

"Na huo huo wa kulia," nikasema.

Kisu kikaanguka, kuku akaponyoka, mimi na Bi Somoe tukamfukuza hadi mikoroshoni. Mara ya pili vile vile. Mara ya tatu mzee akapiga bismillahi na kuchinja, kwa hasira zaidi kuliko kwa afya.

Tangu hapo nikapatana na wanawe: Alhamisi wawe shambani. Bi Somoe alilalamika kwamba namtesa mumewe, lakini kusonga ugali kulimbana, akamwachia na kunyonyoa. Kunyonyoa kuku ni kazi ya vidole vitupu. Ubao nikauacha hospitali.

Baadaye nilihamishiwa Ruangwa, nikazunguka Mandawa na Narung'ombe mpaka nikastaafu. Vijana wa tiba huniuliza kama kweli kumtibu mtu kwake kunafaa. Nawaambia kunafaa, ila kwanza tafuteni kazi ambayo nyumba ile haina mwingine wa kuifanya. Halafu nawasimulia Alhamisi yangu ya mwisho Lionja.

Mzee aliagiza sahani iletwe barazani, akaita majirani wawili, akanawa. Nami nangojea firigisi yangu, nimeshazoea. Mkono wake wa kulia ukatangulia, polepole, ukaikamata, ukaipeleka kinywani. Bi Somoe, mlangoni, alifuta macho kwa kanga. Yangu nilifuta kwa mkono.

"Dokta," mzee akasema huku akitafuna, "wewe leo kula paja."