Mwende na mama wa kwenye shairi

Leo mwanafunzi amenifanya niweke chaki chini.

Mnajua nafunza Kiswahili hapa Kitengela. Kidato cha nne tulikuwa na shairi la vita. Mwana ameenda vitani, na kila jioni mama yake anampakulia chakula.

Nikauliza, kwa nini anapakua?

Darasa zima: "Matumaini, mwalimu." Hata mwongozo wa kusahihisha unasema hivyo.

Mwende akainua mkono. Huyu msichana huwa haongei, jameni.

"Mwalimu, huyu mama anajua mwanawe amekufa. Ni vile mkono wake umezoea. Kaka yangu alikuwa askari, akauawa kazini. Mpaka leo mama yangu humpakulia, halafu anakumbuka, anarudisha kwa sufuria."

Hakuna aliyecheka, hata wale wa nyuma.

Nimefunza shairi hilo miaka mingi na sikuwahi kuliona hivyo.

Akaniuliza, "Nikiandika hivyo kwa mtihani nitapata alama?"

Nikamwambia ukweli, sijui.

Akasema, "Basi nitaandika matumaini kwanza, halafu niandike vile ninajua."

Nyinyi marafiki zangu mnaosahihisha mitihani, mkiipata hiyo karatasi, tafadhali someni mpaka mwisho.