Hatua Nne Kutoka Kwenye Isale

Mwanangu anayeishi Tanga alimleta binti yake kwangu likizo ya mwezi wa sita, na mashine ya kutafuta vyuma vilivyofukiwa. Mtoto ana miaka tisa. Mashine yenyewe si ya ajabu: mpini kama wa ufagio, sahani ya duara chini, kitufe, betri. Vijana wa kijiweni walipotuona nayo wakaanza: "Babu, ukifukua rupia za Mjerumani usitusahau." Nikawaambia wakalime.

Mimi shule niliishia darasa la pili. Nyumba yangu ya tofali nimeitoa kwenye kabichi, sikubebwa na mtu. Kwa hiyo karatasi ya maelekezo alisoma mtoto, ila kufundisha nilifundisha mimi, maana kazi ya mikono naijua. Nilifukia uani msumari, kizibo cha soda na sarafu ya mia, nikachomeka kijiti juu ya kila kimoja, nikamwambia azoee kwanza sauti ya kitu anachokijua. Sahani ipite karibu na ardhi bila kuigusa. Asiirushe juu kama mtu anayefyeka. Aende polepole, na kila mstari upande kidogo juu ya ule uliotangulia. Bangili avue. Ikilia, apitishe tena kwa kukata msalaba, na pale sauti inapozidi ndipo achimbe, kisha afukie shimo. Akikuta kitu kikubwa asichokijua, asiguse, aniite. Na nikamwambia neno nililokuja kulijutia: kikilia, usikiache mpaka ukione kwa macho.

Siku ya tatu uani hapakuwa na jipya tena. Akasema anashuka bondeni, kwenye kabichi. Huko sikutaka afike.

Nieleze. Shamba langu la bondeni limepakana na la mama mmoja mjane. Mpakani kuna isale, mmea ambao huku kwetu ukishapandwa mpakani hakuna mwenye swali tena. Zamani marehemu baba yangu na baba mkwe wa yule mama walizika jembe bovu chini yake, kwa sababu mmea hufa, chuma hukaa. Halafu mwaka mmoja mvua ikazidi, mto ukapanda, ukang'oa isale. Mimi ndiye niliyepanda jipya, na nililipanda hatua nne ndani ya shamba lao, kwenye udongo mweusi. Mume wa yule mama alikuwa kitandani, mgonjwa. Alipopata nguvu alikuja na fimbo, akasema mpaka si huu, kuna jembe chini. Wazee wakaitwa. Wakachimba pale alipoonyesha kwa mkono unaotetemeka, pembeni kidogo ya penyewe, wakakosa. Mimi penyewe nilipajua. Nikawaambia ugonjwa umempanda kichwani, tusimuudhi. Wakaniamini. Haikupita miezi miwili akafa.

Mara nyingi nilitaka kwenda kulitoa lile jembe. Sikuthubutu, niliogopa kukutwa nalo mkononi.

Basi tukashuka. Njiani nilimwambia mtoto huku chini kuna nyoka, afadhali tupime juu karibu na miti ya pichi. Akasema amevaa buti. Mjane alikuwa upande wake, anapalilia maharage. Mtoto akaamkia, shikamoo bibi, naye akaitikia marahaba, akamuuliza kama leo atamtafutia sufuria yake iliyopotea. Wakacheka. Mimi sikuweza kucheka.

Alianza kwenye kabichi zangu, mstari kwa mstari, vizuri kabisa, kama nilivyomfundisha. Nilikuwa nahesabu matuta yaliyobaki kufika kwenye isale. Sita. Matano. Nilikumbuka maneno ya msikitini, kwamba anayekula shubiri moja ya ardhi ya mwenzake atavishwa shingoni Siku ya Kiyama, na mkono wangu ukapanda wenyewe ukashika kola ya shati. Yalipobaki matatu mashine ikalia, si kilio cha kizibo, kilio kirefu.

"Ni kopo hilo," nikasema. "Njoo huku juu."

"Babu, si ulisema nisikiache mpaka nikione?"

Akapitisha kwa kukata msalaba. Akapiga magoti, akachimba. Aliniita kwamba ni kikubwa, nije nikione. Kabla sijafika mjane alikuwa ameshavuka.

Lilikuwa limekuwa jekundu kwa kutu, limeliwa kingo, lakini hakuna asiyejua jembe. Mjane aliliinua, akalipangusa kwa kanga yake, akatazama shimo, kisha akatazama isale kule lilikosimama. Hakunitazama. Akampa mtoto.

"Mpe babu yako. Yeye anajua linapokaa."

Mtoto akaninyooshea. Ningeweza kusema ni jembe la baba lililopotea, na angeniamini. Nilimtazama usoni nikaona ndiyo, huyu angeniamini, kama walivyoniamini wazee, na hilo likanitisha kuliko yote.

"Linakaa hapo ulipolitoa," nikamwambia. "Isale ndilo limekaa vibaya. Nililihamisha mimi."

Mjane akasema taratibu, "Baba watoto alikufa anaamini kichwa chake kimeharibika. Alikuwa akiniuliza hata majina ya watoto, kuhakikisha."

Nilitaka anitukane. Aliniambia tu nilete jembe zima, tuanze.

Tuling'oa isale, nikalichimbia pale pale kwenye shimo, jembe bovu chini yake, mjane akiona. Kabichi zangu zilizobaki upande wake akasema nitavuna zikikomaa, yeye hali cha mtu. Lile neno nililimeza hivyo hivyo.

Kupanda kurudi nyumbani mtoto aliniuliza kama yule babu aliyekufa alikuwa anajua kweli mpaka ulipo. Nikamwambia alikuwa anajua. Akauliza kama na mimi nilikuwa najua. Nikasema ndiyo.

Alitangulia na mashine yake begani, miguu myepesi, akaniacha nyuma kwenye kona. Nilichoka, nilitaka kumwambia anisubiri. Niliogopa kumwita, asije akageuka na kunitazama.