Chungu Kilichokosa Dawa

Juzi sokoni niliona chungu kilichofinyangwa kwa gurudumu, kimepakwa rangi ing'aayo kama kioo. Nilikigonga mara mbili kabla ya kuuliza bei, na harufu ya magome yaliyochemshwa ikanirudia.

Koko, mama ya mama yangu, alifinyanga kwa kujifurahisha tu. Alasiri moja ya utoto wangu, vyungu vyake vilikuwa motoni pamoja na changu kidogo, cha kwanza katika maisha yangu. Pembeni alichemsha magome ya mti, sufuria nzima. Nilikuwa na kikohozi, nikapiga hesabu: dawa ile kali yote nitanyweshwa mimi.

Akatoa chungu changu kwanza, akaniita kwa utani wake wa kunifanya mke mwenzake, “Mukemwenza, kuya mbio!” Nikajificha kwa jirani mpaka filimbi ya treni ya jioni.

Niliporudi, vyungu vyake viling'aa. Changu kilikuwa kimefifia.

“Koko, na ile dawa?”

“Ile njo dawa ya vyungu. Tunainyunyiza vikiwa moto, visivuje. Chako kilikungojea mpaka kikapoa.”

Nikakitia maji, yakatiririka mpaka miguuni. Nikakohoa.

“Ona sasa,” Koko akasema. “Mumekosa dawa wote wawili.”