Beseni la Mama

Nikisikia harufu ya sabuni ya kufulia, hutema mate. Harufu hiyo hunirudisha uani kwetu, Kapata, kwenye kamio, lori lile bovu. Baba, dereva wake, alilala chini, kando ya gurudumu, akitoa hewa kwenye freni. Mimi nilikuwa ndani, nakanyaga pedali kwa miguu yote miwili.

"Pompa! Pompa! Sasa kamata!" baba akaniamuru.

Mafuta ya freni yakaisha. Mwenye kamio, aliyesimama kando akitutazama, akanyanyua beseni la mama la kufulia.

"Tutie hii."

"Tata, ile ni maji ya bitambaa ya mavi ya mutoto!" mama akamwambia.

"Mafuta iko bei nguvu. Freni haina pua."

Akayamimina mwenyewe mahali pa mafuta. Baba alipolegeza skrubu, povu la kijivu likamrukia mdomoni. Akatema, akatema tena. Pedali ikawa ngumu kidogo.

"Iko muzuri. Wende Mutshatsha," mwenye kamio akamwambia baba.

"Basi panda, patron, twende wote," baba akasema.

Yule mtu alijifuta vidole kwa leso yake nyeupe, akaita pikipiki ya taksi-moto. Baba akawasha kamio. Kabla ya kuondoka, yule mtu aliitupa leso ndani ya beseni.

"Mama, unifulie."